Mwalimu Stefano Ndolo Mutie, Aliyewawekea Ndege Mtama

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kikima, na nyinyi mliotoka Kibwezi na vumbi lake likiwa bado mabegani: mimi ni Kivuva Mutie, mdogo wa marehemu, tumbo moja. Nasoma kwa Kiswahili ili wageni wetu wasipitwe na neno hata moja. Wazee wa hapa mtanivumilia. Niliombwa nifupishe, na kweli nimefupisha. Nimetoa sifa nyingi, nikabakiza mambo.

Marehemu alizaliwa Kwa Vonza, upande wa Kitui, akiwa kifungua mimba wa Mutie wa Ndolo na Syombua. Misheni waliandika kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1913. Mama alikuwa akisema alimzaa watu wakivuna mbaazi, na kila mtu hapa anajua mbaazi hazivunwi Januari. Nadhani karani alichoka kuuliza. Alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kuamia ndege shambani. Alipewa kombeo, akapandishwa kichanjani, akaambiwa asiruhusu hata ndege mmoja kutua kwenye mtama. Siku moja Baba alipita akamkuta ameshika kidevu, kombeo liko chini, na ndege wanakula karamu. Alipoulizwa anafanya nini, alisema anangoja kuona yule mwekundu kama anakula na mke wake au peke yake. Baba alimchapa. Mtama ule tuliukosa, na huyo mwekundu alikula na mke wake.

Mwaka 1924 familia yetu ilihamia huku Kikima, kwa wajomba, kwa sababu kule chini ng'ombe walikuwa wamekwisha. Marehemu aliingia shule ya misheni mwaka 1926, tayari ana ndevu mbili tatu, akaketi na watoto waliomfikia kiunoni. Hakuona haya. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu haya ilikuja baadaye na ilikuja kubwa. Alibatizwa Stefano mwaka 1931. Alisomea ualimu kuanzia 1933, akamaliza 1935, na Januari 1936 akaanza kufundisha katika shule hiyohiyo iliyo juu ya soko hili.

Tarehe 14 Desemba 1938 alifunga ndoa na Mutindi binti Mwangangi, aliyeketi hapa mbele yenu. Siku tulipopeleka mbuzi kwa wakwe, wazee wakiwa ndani wanazungumza, bwana harusi alikuwa nje ametazama juu ya paa, mdomo wazi. Mzee Mwangangi akatuuliza kwa sauti ya chini kama kijana wetu ni mzima. Tukamwambia ni mwalimu. Akasema basi anaelewa. Mutindi amemcheka kwa hadithi hiyo miaka yote ishirini, na amemtunza mpaka pumzi ya mwisho, na jambo nitakalolisoma sasa alilijua siku ileile lilipotokea. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini marehemu alituambia kwamba kila Jumapili, wakitoka kanisani, mke wake alikuwa akimwambia neno moja tu: "Hujasema."

Sasa nifike kwenye bustani.

Mwaka 1946 shule ililetewa kitabu cha masomo ya viumbe chenye picha za ndege na wanyama wa Ulaya. Marehemu akachora ubaoni mmoja wao, mwenye kifua chekundu, akawafundisha watoto jina lake. Mtoto akauliza kama analiwa. Mwingine akauliza kama anakula mtama. Mwalimu hakujua. Alirudi nyumbani amekasirika, akamwambia Mutindi kwamba amewafundisha watoto jina la ndege ambaye yeye mwenyewe hajawahi kumwona, na juu ya paa la darasa kuna ndege watano ambao hakuna aliyewauliza jina.

Kesho yake alichukua nusu ya shamba la kabichi la shule akaliacha liote linavyotaka. Kabichi hizo zilikuwa za walimu, kwa hiyo walimu hawakufurahi. Aliwaambia watoto kila mmoja alete kutoka kwao mmea mmoja wa porini pamoja na udongo wake. Wakachimba kidimbwi, wakakipaka mfinyanzi, vyura wakaja wenyewe bila barua ya mwaliko. Kichuguu kikaachwa. Kobe akaletwa na mtu wa Tawa, akawa anatoroka kwenda kula viazi vya mchungaji. Watoto wetu mnajua wanavyoogopa kinyonga. Basi Mwalimu alifundisha hesabu asubuhi nzima kinyonga akiwa amekaa kwenye mkono wa shati lake, na hakusema lolote juu yake, mpaka watoto wakachoka kuogopa. Wengine wenu mlikuwa watoto hao. Naona mnacheka.

Ndani ya uzio kulikuwa na mti wa mumo, ndugu wa mkuyu, wa zamani kuliko shule. Matunda yake yalileta ndege wa kila aina, ndiyo maana aliuingiza. Halafu akatunga sheria, na watoto wakawa wanaiimba langoni kabla ya kuingia: hatukati, hatuchimbi, hatuui, hatupigi kelele.

Wageni wa Kibwezi ambao si Wakamba, niwaeleze. Wazee wetu wa zamani walikuwa na ithembo, mahali pa kuomba mvua na kutoa sadaka. Mara nyingi ni chini ya mumo. Hapo hapakatwi mti, hapauawi kitu, watu hawapigi kelele. Sadaka yake ni nafaka na maziwa au maji, katika kibuyu kilichopasuliwa nusu. Sasa fikirini mzee anapita njiani kuelekea soko, anaona mumo umezungushiwa uzio, anasikia watoto wa misheni wanaimba sheria za ithembo, neno kwa neno. Wazee wakaanza kupita hapo wameshusha fimbo. Kina mama wakawa wananyamaza wakifika kwenye uzio. Mwalimu aliona, akacheka. Alidhani wanaheshimu elimu.

Mwaka 1950 mvua ya Aprili haikuja. Kidimbwi kilikauka, mumo haukuzaa, na ndege wakaanza kuanguka uwanjani wamekufa, watoto wanawaokota. Mwezi wa Oktoba marehemu aliamua kuwalisha. Vibuyu vya nyumbani kwake vilikuwa vimepasuka, basi akaenda kwa jirani yake, Mama Mbula, mjane, mshirika wa kanisa hili tangu ujana wake, akaazima kibuyu kimoja kilichopasuliwa, nusu zake zote mbili. Nusu moja akatia maji, nusu nyingine mtama. Akaviweka chini ya mumo, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, Mutindi akimwona. Alikuwa na mawazo ya ndege tu. Mkamba mzima, aliyezaliwa Kwa Vonza, mtoto wa Syombua, aliweka mtama na maji katika nusu za kibuyu chini ya mumo wakati wa kiangazi, na haikumpitia akilini anafanya nini. Elimu nayo ina upofu wake.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha.

Sitawachosha na yaliyofuata, mnayajua. Walipovuna, kina mama walikuja na unga na maziwa wakaviweka palepale. Akaja mtu na mbuzi mweusi akamfunga kwenye uzio wa shule. Mwisho zikasikika ngoma za kilumi, zile za ithembo, nyuma ya darasa la tatu, siku ya Jumapili, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Wazee wa kanisa walikaa baraza mwezi wa Machi 1951, ndani ya kanisa, watu wamejaa mpaka nje. Vile vibuyu viliwekwa juu ya meza.

Mjue na hili. Wiki hiyohiyo marehemu alikuwa ameambiwa kwamba muhula unaofuata atakuwa hedimasta. Angekuwa hedimasta wa kwanza aliyelelewa hapa kwetu. Mama alikuwa ameshaanza kujisifu sokoni.

Mzee Nzioka, mwenyekiti wa baraza, ambaye namwona pale na afya yake bado nzuri, aliuliza swali la haki. Aliuliza ni nani aliyeweka kibuyu cha kwanza. Marehemu alitazama meza. Kila mwanamke wa Kikima anachora alama yake kwenye vibuyu vyake, na wanawake wengine wote wanaijua kama wanavyojua uso wake. Kibuyu kile kilikuwa na alama ya Mama Mbula, na kilikuwa kimeshonwa ukingoni kwa mkono wake. Marehemu akasema:

"Muulizeni mwenye kibuyu."

Ni hayo tu aliyosema. Hakusema uongo wowote, na alituambia kwamba hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba alikuwa mwerevu hata wakati ule, alichagua maneno.

Mama Mbula akasimamishwa. Akaulizwa kama kibuyu ni chake. Akasema ni chake. Akaulizwa kama ndiye aliyekiweka chini ya mumo. Alimtazama marehemu muda mrefu, halafu akasema, "Mwalimu yuko hapo." Alikuwa anampa nafasi. Wengi wenu mlikuwepo mkafikiri ni kiburi, mkanung'unika. Marehemu alikaa kimya. Mjane yule akatengwa na Meza ya Bwana, akaambiwa aketi nyuma karibu na mlango. Ameketi pale hadi Jumapili iliyopita. Mwanawe alipofunga ndoa mwaka 1955, mama yake hakuruhusiwa kuja mbele kumwombea.

Jumatatu baada ya baraza, bustani ilifyekwa. Waliofyeka ni watoto wenyewe, na aliyesimamia ni marehemu. Walipofika langoni walisimama, kwa sababu walizoea kuimba, na hawakujua waimbe nini. Akawaambia waingie tu. Mumo ulikatwa na watu walioletwa kutoka mbali, maana hapa hakupatikana wa kuugusa. Sijui kobe alikwenda wapi. Mwezi wa Mei marehemu akawa hedimasta, na kabichi zikarudi.

Hakuweza kuukalia uhedimasta ule. Nyumba ya Mama Mbula iko njiani kwenda shuleni, na alikuwa akizunguka kwa bonde ili asipite mlangoni pake, mtu mzima na suti yake, viatu vimejaa matope. Mwishoni mwa 1952 aliomba uhamisho. Tulipomuuliza kwa nini, alisema anatafuta hewa. Ndugu zangu, hakuna mtu anayeacha hewa ya milima yetu hii ya Mbooni akafuata ile ya Kibwezi. Tulijua kuna kitu. Tulidhani ni mwanamke, na kwa namna fulani ilikuwa hivyo.

Kibwezi alianza kazi Januari 1953 kama mwalimu wa kawaida, kwa hiari yake. Huko alitengeneza bustani ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na watoto wa huko wanajua ndege na nyuki na mijusi mpaka wanawasumbua wazazi wao. Bwana Abubakar, mfanyabiashara wa pale sokoni, alitoa hori la zamani la kunyweshea punda, likawa la maji ya ndege. Bwana Abubakar amenieleza kwamba kila marehemu alipoweka nafaka pale, alisimama karibu na barabara akawaambia wapita njia, wawe Wakamba au Wataita au Waarabu wa duka, kwamba ni yeye aliyeweka. Hakuna aliyeuliza. Anayekwenda kununua chumvi anasimamishwa na mwalimu anaambiwa, "Mtama ule, ni mimi niliyeuweka. Hata hori ni mimi." Wakamwita Mwalimu Ni-Mimi. Nyinyi wa Kibwezi mmelia leo mkitaja jina hilo, na hamkujua lilitoka wapi. Lilitoka hapa. Alikuwa anafanya mazoezi.

Maana alijaribu. Krismasi ya 1954 alikuja likizo, akasimama wakati wa ushuhuda. Mutindi alishika benchi kwa mikono miwili. Marehemu alileta salamu kutoka Kibwezi, akaeleza habari za mbu, akaeleza bei ya nyanya, akaketi. Pasaka ya 1956 alisimama tena. Wakati huo zilikuwa habari za reli. Watu walimpenda kwa hadithi zake. Tunaona aibu kuyasoma haya, sisi wa ukoo huu. Kaka yetu aliweza kusimama na kinyonga mkononi mbele ya watoto arobaini, akashindwa kusema "ni mimi" mbele ya watu waliomlea.

Ugonjwa ulianza Agosti 1957, ukiwa kifua, halafu ukaingia figo. Alitibiwa hospitali ya Machakos mara mbili, na mara ya pili daktari alimwambia Mutindi ampeleke nyumbani. Bwana Abubakar alimleta mpaka Kikima kwa lori lake tarehe 9 Julai mwaka huu wa 1959, amelala juu ya magunia, na hakutaka senti. Siku ya tano marehemu alinituma nikamwite Mama Mbula.

Alikuja. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na marehemu akamwambia yote, tangu kuazima mpaka kunyamaza. Hakujitetea. Alilia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia tangu siku ya kichanja. Alimwomba amsamehe. Mama Mbula alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno ambayo nayasoma kama alivyoyasema:

"Nimekusikia, Mwalimu. Lakini mimi sikufukuzwa chumbani. Nilifukuzwa mbele ya watu."

Akachukua shuka yake akaenda. Alipotoka, marehemu alikuwa ametulia zaidi kuliko nilivyotarajia. Alisema mama yule ana haki. Akapanga kwamba Jumapili tumbebe kwa kitanda mpaka kanisani. Nikamwambia nitatafuta mtu wa kubeba mguu wa nne wa kitanda. Alinishika mkono, akasema nikiona ameshindwa kufika, nisome mimi, mbele ya watu, kabla ya udongo. Akaniambia, "Kama huwezi kusoma hilo, Kivuva, usisome lolote. Nizikeni kama mtu asiye na habari."

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 17 Julai 1959, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mikononi mwa Mutindi. Jumapili hakuiona.

Kuna waliokuja kwangu tangu Ijumaa kuniambia kwamba marehemu hasemwi. Nimewasikia. Hatumsemi. Ni yeye anayesema, amechelewa miaka minane, na ametumia mdomo wangu kwa sababu wake ulimkataa. Alikuwa mwalimu mzuri, baba mpole, na mtu aliyeufanya ulimwengu wa Mungu uonekane na watoto waliokuwa wakiukanyaga. Na alimwachia mjane mzigo wake akaenda zake. Yote mawili ni yeye. Mzee Nzioka, wewe ulihukumu kwa ulichoambiwa, na hatuna neno na wewe. Ila marehemu aliomba kanisa lijue, lifanye linalopasa, na lisingoje kikao cha mwezi ujao.

Marehemu ameacha mjane wake, Mutindi. Binti yake Kavata, ambaye yuko chuo cha ualimu. Wanawe Mwangangi na Mutie. Mama yetu Syombua, ambaye hakuweza kupanda mlima. Mimi mdogo wake. Dada yetu Kalunde na watoto wake. Na wanafunzi wa shule mbili, wa huku na wa Kibwezi.

Karatasi mliyo nayo inasema sasa ni wimbo. Wimbo utangoja. Mama Mbula, nakuona hapo nyuma, na nimemwomba Mutindi aje akushike mkono akulete mbele, uketi na sisi. Uliyoyasikia chumbani, watu wote sasa wameyasikia. Kibuyu cha kwanza kiliwekwa na kaka yangu, Ndolo wa Mutie. Wewe uliazimwa tu.

Yeye amelala hapa na hawezi kuongeza kitu. Aliomba uulizwe, na ajibiwe na wewe kabla ya udongo, na akasema jibu lolote ni halali yako. Ukimwachilia, ndipo sisi tutafungua midomo tuseme apumzike kwa amani. Usipoweza, Mama, hatutakulazimisha. Tutamzika kimya.

Tunakusikiliza.